Klabu ya kuogelea ya watoto: sheria gani za usalama ziwepo kabla ya msimu kuanza?

MzaziUpanga

Habari zenu wakuu. Ni katibu wa kamati ya wazazi kwenye klabu ndogo ya kuogelea hapa Dar. Watoto ni 38, miaka 7 hadi 16. Tunakodi bwawa la hoteli, mita 25, njia tano, jioni mara tatu kwa wiki. Jumamosi wale wakubwa huenda kuogelea baharini. Tuna kocha mkuu mmoja na msaidizi mmoja. Hoteli ina mwokoaji wake, ila huyo anaangalia na wageni wengine pia.

Kamati imenipa kazi ya kuandika sheria za usalama, na mwezi ujao tuna safari ya mashindano mkoani, kulala siku mbili. Nahitaji vitu vinavyotekelezeka kwa klabu isiyo na hela nyingi. Nani aangalie maji wakati kocha anafundisha? Vyumba vya kubadilishia nguo tuvisimamie vipi, maana wageni wa hoteli nao wanavitumia? Makocha na watoto kuandikiana WhatsApp ni sawa? Tuna mtoto mmoja mwenye selimundu, mmoja ana kifafa na wanne wana pumu, tuwapokee kwa masharti gani? La mwisho, kocha anawapa watoto zoezi la kuvuka bwawa zima chini ya maji bila kuvuta pumzi. Kuna wazazi wameanza kulilalamikia.

Mwokoaji_Kigamboni

Mkuu, hongera kwa kuanza mapema. Nianze na la maji.

Kocha anayefundisha hawezi kuwa mwokoaji kwa wakati huo huo. Macho yake yako kwenye mkono wa mtoto wa njia ya pili na kwenye saa. Mwokoaji wa hoteli msimhesabie hata kidogo kama ana wageni wengine. Mnahitaji mtu wenu ambaye kazi yake ni moja tu, kutazama maji. Hashiki simu, hapimi muda wa mtu, hapigi stori na wazazi. Mvalisheni fulana ya rangi moja inayojulikana, na abadilishwe kila baada ya dakika 20 au 30, kwa sababu baada ya hapo macho yanatazama lakini akili haioni. Kwa watoto 38 wakiwa majini pamoja wekeni wawili, mmoja kila upande. Wazazi wanaweza kupokezana zamu hiyo, ila angalau mmoja awe anaogelea vizuri na amefundishwa uokoaji.

Wafundisheni watazamaji wanachotafuta. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo unazama na kuibuka, akipata nafasi anavuta hewa, hana pumzi ya kuita. Mikono inasukuma maji kwa pembeni, mwili umesimama wima, miguu haisukumi chochote, kichwa kimelalia nyuma. Hali hiyo inaweza kudumu sekunde 20 hadi 60 tu, kisha anakwenda chini. Ndiyo maana waokoaji wengi wanafundishwa kanuni ya 10/20: sekunde 10 kutambua, sekunde 20 kumfikia. Kama mtazamaji wenu akiwa kwenye kiti chake hawezi kuufikia ukingo wa mbali ndani ya sekunde 20, kiti kimewekwa pabaya.

Jua la jioni ni tatizo kubwa kwenye mabwawa ya wazi. Linapiga juu ya maji, sakafu haionekani. Mtazamaji akae jua likiwa mgongoni kwake. Kabla ya kila mazoezi tupieni kitambaa cheusi kwenye kina kirefu kabisa. Msipokiona vizuri kutoka ukingoni, hakuna mtoto kuingia siku hiyo, hata kama bwawa limeshalipiwa. Maji ya maziwa au ya kijani humficha mtu aliyelala chini.

Vifaa vya lazima si vingi: boya lenye kamba ya mita 15 hivi, mwanzi imara wa mita 3 au 4, filimbi, ubao mgumu wa kumbebea mtu, sanduku la huduma ya kwanza, simu yenye chaji na salio, na karatasi iliyobandikwa ukutani yenye namba ya gari la wagonjwa mlilokubaliana nalo, hospitali ya karibu na njia ya kufika. Asiyejua kuokoa asirukie majini. Alale kifudifudi ukingoni anyooshe mwanzi, au arushe boya.

Hesabuni vichwa wakati wa kuingia, kila mnapobadilisha zoezi, na wakati wa kutoka. Hesabu iandikwe daftarini. Kila mtoto awe na mwenzake anayemjibia.

Sasa la muhimu kwetu Waswahili: mtoto akitolewa majini amezirai, MSIMNING'INIZE kichwa chini na MSIMKANDAMIZE tumbo. Hapo mnatoa chakula tumboni na kukiingiza kwenye mapafu. Mlaze chali, inua kidevu, angalia kama anapumua kwa sekunde zisizozidi 10. Kama hapumui, puliza pumzi 5 za mwanzo, kila moja mpaka uone kifua kinanyanyuka. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha kama sentimita 5, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2, rudia 30 kwa 2 bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Kwa aliyezama pumzi ndiyo ya kwanza, kwa sababu moyo umesimama kwa kukosa hewa. Na yeyote aliyeokolewa akiwa amemeza maji, hata akisema yuko sawa, apelekwe hospitali akaangaliwe. Kikohozi kisichoisha, kupumua haraka au usingizi usio wa kawaida saa chache baadaye ni dalili mbaya.

KochaMsasani

Naunga mkono hayo yote. Mimi niende kwenye lile zoezi la kuvuka bwawa bila kupumua. Lisimame leo.

Kinachomlazimisha mtu avute pumzi si kupungua kwa oksijeni, ni kujaa kwa hewa ya ukaa kwenye damu. Mtoto akihema haraka haraka mara kadhaa kabla ya kuzama anaitoa hewa ya ukaa, ila oksijeni haiongezeki kwa maana. Sasa akienda chini, kengele ya mwili inachelewa kulia. Oksijeni inashuka mpaka ubongo unazima kabla hajasikia haja ya kupumua. Anazirai kimya kimya huku bado anaonekana anateleza vizuri. Kisha mwili unavuta pumzi wenyewe, chini ya maji. Anayepatwa mara nyingi ni muogeleaji hodari mwenye ushindani, wala si anayejifunza. Akirudia mara nyingi kwa mapumziko mafupi hatari inapanda kila mara.

Tunachofanya badala yake: mateke ya chini ya maji kwa mita 10 hadi 12, kichwa kikitoka kabla ya alama ya mita 15 kama sheria za mashindano zinavyotaka, mapumziko marefu, mmoja mmoja, mwenzake akimtazama kutoka juu. Hakuna kuhema haraka kabla. Hakuna kushindana nani amekaa chini muda mrefu, hata wakati wa mchezo mwishoni. Hakuna kutumia pumzi kama adhabu. Kocha akisema inajenga mapafu, mwambie faida anayoitafuta ataipata kwenye mbinu ya kugeuka na kwenye wingi wa mita, bila kumweka mtoto kwenye hatari hiyo.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: kuruka kwa kichwa. Mabwawa ya hoteli yamejengwa kwa wageni, si kwa mashindano. Kanuni za kimataifa zinataka kina kisichopungua mita 1.35 kuanzia mita 1 hadi mita 6 kutoka ukutani pale penye majukwaa ya kurukia. Chukueni fimbo yenye alama mpime wenyewe, kila nusu mita, msisome namba zilizochorwa ukingoni maana maji yakipungua namba haibadiliki. Na hiyo 1.35 ni kwa mtu anayejua kuruka. Anayefundishwa anakwenda wima, kwa hiyo mfundishieni upande wa kina kirefu tu, akianza ameketi ukingoni, kisha goti moja, kisha kusimama. Mikono imeshikana juu ya kichwa mpaka mwili wote uingie. Shingo ikivunjika pale hairudi. Mkishuku mtoto amegonga kichwa au shingo, msimvute. Mshikilieni usawa wa maji, kichwa na mwili kwenye mstari mmoja, mpaka ubao ufike. Ila kama hapumui, kupumua kwanza, mtoeni.

Kagueni na kifuniko cha tundu la kunyonya maji chini ya bwawa. Kikiwa kimepasuka au skrubu imelegea, hakuna kuogelea. Nywele ndefu zinanaswa pale na nguvu ya pampu mtu mmoja haiwezi kuishinda. Ulizeni pia swichi ya kuzima pampu iko wapi, na ufunguo wa chumba hicho anao nani saa kumi na mbili jioni. Ngurumo ikisikika wote nje, na mkarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Bahari inataka mpango wake. Msiende siku za bamvua. Kwetu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku hizo na mkondo kwenye mianya ya miamba unamshinda mtu mzima. Chagueni maji mafu (siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo), muda wa karibu na maji kujaa, muogelee sambamba na ufuo, si kwenda nje. Kila mtoto avae kofia ya rangi kali na avute boya dogo kiunoni. Ngalawa au kayaki moja yenye mtu mzima kwa kila watoto watano au sita. Joto nalo ni hatari: kanuni za mbio za maji ya wazi haziruhusu mashindano maji yakizidi nyuzi 31, na Februari na Machi pwani yetu huikaribia namba hiyo, kwa hiyo msafara uwe mfupi na wa alfajiri. Fran Crippen, muogeleaji wa timu ya taifa ya Marekani, alifariki Oktoba 2010 kwenye mbio za kilomita 10 Fujairah, Falme za Kiarabu. Maji yalikuwa ya moto, na kutokuwepo kwake kuligundulika wenzake walipokwisha kumaliza. Alikuwa miongoni mwa bora duniani. Hesabu ya vichwa ni kwa ajili ya kila mtu.

DadaUstawi

Naona maji yameshasemwa. Niseme la watu wazima.

Sheria moja inabeba nyingine zote: mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali ambapo hawaonekani na hakuna anayeweza kuwakatiza. Inamhusu kocha, msaidizi, mzazi mwenye zamu, dereva, na mwenyekiti wa kamati pia. Msiiandike kama tuhuma kwa kocha wenu, inamlinda na yeye.

Kwa nini michezo? Kwa sababu kocha ana ufunguo wa ndoto ya mtoto. Yeye ndiye anayechagua timu, na mara nyingi wazazi wanamwamini kuliko mwalimu wa darasani. Paul Hickson alikuwa kocha wa timu ya kuogelea ya Uingereza kwenye Olimpiki ya 1988. Mwaka 1995 alifungwa miaka 17 kwa kubaka na kudhalilisha wasichana aliokuwa anawafundisha. Uzito wa cheo chake ndio uliowanyamazisha watu. Dalili za mwanzo kwa kawaida ni ndogo: kumpa mtoto mmoja miwani mpya, kumpa lifti peke yake, ujumbe wa usiku, "usimwambie mama, hii ni yetu wawili". Kila sheria iliyo hapa chini inafunga mlango mmojawapo kati ya hiyo.

Vyumba vya kubadilishia nguo: watoto waje wamevaa vazi la kuogelea ndani ya nguo, waondoke na taulo na kanga au traksuti juu. Hilo peke yake linapunguza nusu ya tatizo. Ombeni hoteli chumba kimoja kwa nusu saa kabla na nusu saa baada. Wakikataa, tumieni chumba cha mikutano au mahema mawili. Wamama wawili wakae mlangoni kwa wasichana, wababa wawili kwa wavulana, nje, wakisikia kinachoendelea ndani. Wakilazimika kuingia, wabishe, watangaze, waingie wawili. Wakubwa wa miaka 15 na 16 wasibadilishe nguo pamoja na wa miaka 7, maana uonevu wa mtoto kwa mtoto hutokea hapo hapo. Simu hazitolewi kwenye begi humo ndani, ya mtu yeyote.

Kugusa: marekebisho mengi yanawezekana kwa kocha kuonyesha kwa mkono wake mwenyewe. Ikibidi kugusa, iwe mbele ya wote, aseme kwanza ("nakushika kiwiko"), na mtoto akisema hataki, basi. Kocha hakandi misuli. Hakuna kumpima mtoto uzito mbele ya wenzake wala kumsema mwili. Fimbo na push-apu za hasira hazina nafasi.

WhatsApp: kundi moja lenye wazazi wote, taarifa zote humo. Kocha akihitaji kumwandikia mtoto, mzazi awe ndani ya mazungumzo. Mwisho saa mbili usiku. Ujumbe unaojifuta wenyewe hauruhusiwi. Mtoto akimwandikia kocha faragha, kocha anajibu kwenye kundi au kwa mzazi. Picha za watoto wakiwa na vazi la kuogelea zisiende kwenye ukurasa wa klabu pamoja na jina kamili na shule. Picha ya medali wakiwa wamevaa traksuti inatosha.

Safari: walezi angalau wawili, mwanamke na mwanamume, bila kuwahesabu makocha. Vyumba kwa jinsia, na tofauti ya umri isizidi miaka miwili au mitatu. Mtu mzima halali chumba kimoja na watoto wasio wake. Mikutano ya timu sebuleni, kamwe si chumbani kwa kocha. Fomu ya kila mtoto iwe na simu mbili za wazazi, bima, mzio, dawa na ruhusa ya matibabu ya dharura, nakala moja kwa mlezi na nyingine kwa aliyebaki Dar. Safirini mchana. Hesabu kila kituo.

Kuajiri: nakala ya kitambulisho, cheti cha tabia njema kutoka polisi, na klabu mbili alizofundisha zipigiwe simu kweli, msisome barua tu. Ulizeni swali moja waziwazi: "Mngempokea tena afundishe watoto?" Kusitasita ni jibu.

Sasa mtoto akisema kitu. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, usimwahidi siri, usimhoji kwa maswali mengi. Andika maneno yake yalivyo, na saa. Siku hiyo hiyo toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure, Tanzania na Kenya pia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti. Kama ni ukatili wa kingono, mpelekeni hospitali mara moja, ikiwezekana yenye kituo cha mkono kwa mkono (daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja). Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito. Asioge, nguo zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi. Anayetajwa asimamishwe kazi na watoto wakati uchunguzi ukiendelea, na msimpigie kumuuliza upande wake.

Kamati isichunguze yenyewe. Na msiyamalize kifamilia. Kikao cha wazee, fidia na kocha kuhamia klabu nyingine maana yake ni mtoto mwingine huko alikohamia. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu ndilo linalotokea kuliko mengine yote.

MuuguziTanga

Kwa watoto wenye maradhi, wapokeeni. Kila mmoja awe na kadi ya ukurasa mmoja iliyosainiwa na daktari wake: anachoruhusiwa, dalili, dawa, nani apigiwe.

Selimundu: adui zake ni baridi, kiu na kukosa oksijeni. Kwa hiyo zoezi la pumzi ni marufuku kwake kabisa. Chupa ya maji ukingoni, anywe kila dakika 15 hadi 20 asingoje kiu. Akitoka afutwe na avae nguo kavu hapo hapo, upepo wa jioni kwenye mwili wenye maji unatosha kuamsha maumivu. Bafu la baridi hapana. Apumzike anapotaka bila kuomba ruhusa. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au homa ya nyuzi 38 na zaidi ni hospitali moja kwa moja. Waliorithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu (wasioumwa) nao waangaliwe: mmoja wao akilegea na kuanguka kwenye zoezi kali, misuli ikiwa laini, huko si kukakamaa kwa misuli kwa kawaida. Simamisheni zoezi, kimbizeni.

Kifafa: bwawani tu, baharini hapana, na iwe daktari amethibitisha kifafa kimedhibitiwa. Mtu mmoja amtazame yeye peke yake, mwenye uwezo wa kumtoa. Akianza degedege majini, mshike kutoka nyuma, uso juu ya maji, usimtie kitu mdomoni. Ikitulia mtoe, angalia upumuaji, kisha hospitali hata kama ameamka.

Pumu: pampu ya bluu iwe ukingoni, yenye jina, si kwenye gari la baba. Shambulio likija, mketishe wima, mivuto 4 mmoja mmoja kupitia spesa (chombo cha kuvutia dawa kinachounganishwa na pampu), subiri dakika 4, rudia. Isipotulia, hospitali huku mkiendelea. Spesa mkikosa, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu inafanya kazi vizuri. Na kama watoto wengi wanakohoa na macho yanawasha siku moja, kagueni maji. Harufu kali ya "klorini" kwa kawaida ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, maana yake maji yanahitaji kutibiwa. Klorini huru (ambayo bado haijaungana na uchafu) iwe sehemu 1 hadi 3 kwa milioni, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.2 hadi 7.8. Kipimo cha matone si ghali, pimeni wenyewe kabla ya kuingia. Watoto waoge kwanza.

MzaziUpanga

Asanteni sana. Zoezi la pumzi nimeshazungumza na kocha, amekubali. Swali dogo: mzazi akichelewa kumchukua mtoto na amebaki kocha tu?

DadaUstawi

Asibaki kocha tu. Wapangeni wazazi wawili wa zamu ya kufunga, waondoke mtoto wa mwisho akishachukuliwa. Wasubiri mapokezi ya hoteli, penye taa na watu, si kwenye maegesho. Dakika 15 zikipita apigiwe mzazi, kisha namba ya pili kwenye fomu. Mtoto anaachiwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu tu, hata bodaboda wa kila siku awe ameandikwa kwa jina. Mkiona mzazi yule yule anachelewa kila wiki, mwiteni mkae naye, mtafute mtoto mwenzake wa mtaa ule waende nyumbani pamoja.

KochaMsasani

Na zamu hiyo ya kufunga iangalie pia kama geti la bwawa limefungwa. Wadogo hurudi kufuata miwani waliyosahau.